Barafu ndani, baridi nje, na bado chumba kinachemka: kiyoyozi cha chumba cha miche katika kiangazi cha Lubumbashi

Ilikuwa Julai, saa kumi na moja alfajiri. Kipimajoto cha nje kilionyesha digrii 7, na akina mama waliopita kwenda sokoni walikuwa wamejifunga vitenge juu ya sweta. Nikafungua mlango wa chumba cha miche, ambamo taa zilikuwa zimewaka usiku kucha, nikapokelewa na joto la digrii 31. Kiyoyozi ukutani kilinguruma kama kawaida, lakini nilipoweka kiganja mbele yake sikusikia upepo. Nikainua kifuniko. Koili nzima, yaani mabomba yanayopoza hewa, ilikuwa imezibwa na barafu nyeupe, nene kama kidole, na chini yake trei mbili za miche ya nyanya zilikuwa zimelala chini kama nyasi zilizokanyagwa.

Mashine imeganda, chumba kinachemka, na nje kuna baridi ya kupenya mifupa. Ukiyatazama haya matatu pamoja utadhani mojawapo ni uongo, lakini yote ni kweli na yote yana chanzo kimoja. Nimeona watu kadhaa mjini wakipoteza miche, na wengine wakipoteza mashine yenyewe, kwa sababu hakuna aliyewaeleza chanzo hicho kwa lugha wanayoitumia kila siku. Nitajaribu kukieleza hapa, polepole, kwa kuwa kinagusa fedha za watu.

Kwanza, kwa nini mtu akuze miche ndani ya nyumba? Lubumbashi, jiji letu la kusini-mashariki mwa Kongo, iko juu, mita 1,200 na ushee kutoka usawa wa bahari, na katika Juni na Julai, katikati ya kiangazi, mchana unafika digrii 25 hivi, lakini usiku unashuka hadi 7 au 8, na kuna asubuhi unashuka zaidi. Mbegu ya nyanya inataka udongo wa digrii 20 hadi 28 ili iote vizuri. Chini ya digrii 10 inakaa tu, na mara nyingi inaoza. Hata mche uliokwisha kuota, mizizi yake ikikaa kwenye baridi inashindwa kunywa fosforasi, na majani yanageuka zambarau kwa chini. Wengi wakiliona hilo hukimbilia kununua mbolea, ilhali mbolea imejaa udongoni na kinachokosekana ni joto. Kwa hiyo anayetaka miche iliyokomaa mwezi wa Agosti, wakati bustani zinaanza kupata joto tena, anaiotesha chumbani chini ya taa za LED. Na hapo ndipo mambo yanapoanza kugeuka.

Taa ni jiko

Umeme wote unaoingia katika chumba kilichofungwa huishia kuwa joto. Hata taa za LED, zinazosifiwa kuwa hazichomi, haziko nje ya sheria hiyo. Mwanga wake unagonga majani, kuta na sakafu, na kila unapogonga unageuka joto. Sehemu ndogo mno inayobaki ndani ya mche kama sukari haina uzito katika hesabu yetu. Taa za wati 1,600 pamoja na feni za wati 100 ni sawa na jiko la wati 1,700 lililowashwa katikati ya chumba kwa saa 16 kila siku.

Chukua chumba cha kawaida cha uani, mita 4 kwa 3, kuta za matofali ya kuchoma, juu mabati na dari nyembamba. Tuseme kuta mbili zinatazama nje na nyingine zimeegemea nyumba. Chumba kama hicho hupoteza, kwa makadirio ya fundi, wati 70 hivi kwa kila digrii moja ya tofauti kati ya ndani na nje. Ukitaka ndani pawe digrii 24 na nje ni digrii 8, tofauti ni 16, kwa hiyo kuta na dari zinatoa wati 1,100 na kidogo. Taa zinaingiza 1,700. Kuna ziada ya wati 600, na hiyo ni alfajiri ya Julai, saa ya baridi kuliko zote. Saa sita mchana, nje ikiwa digrii 24, kuta hazitoi kitu, na wati zote 1,700 zinabaki ndani.

Kwa hiyo katika kiangazi chetu chumba cha miche hakiombi kupashwa joto. Kinaomba kupozwa, kidogo usiku na sana mchana. Kiyoyozi kidogo kinachouzwa madukani kwetu ni cha BTU 9,000 kwa saa, ambazo ni wati 2,600 hivi za kupoza. Mchana kinatosha na kubaki. Usiku kinakutana na kazi isiyofika hata robo ya nguvu yake: kinawaka dakika chache, kinafikisha digrii kilizoagizwa, kinazima, halafu kinawaka tena. Kuwaka na kuzima huko ndiko kunakochosha kompresa, pampu inayogandamiza gesi, kuliko kazi yenyewe, na kuna madhara mengine ambayo hayaonekani kwa macho mpaka yamekomaa: maji.

Maji yasiyoonekana

Mwaka 1902 kiwanda cha uchapishaji huko Brooklyn, New York, kilikuwa na shida ya karatasi. Unyevu ulipopanda karatasi zilivimba, uliposhuka zilisinyaa, na rangi zilizochapwa moja juu ya nyingine zikakosa kukaa mahali pake. Mhandisi kijana, Willis Carrier, akabuni mtambo wa kutawala unyevu wa hewa. Mtambo huo ndio unaohesabiwa kuwa mwanzo wa kiyoyozi cha kisasa. Nakitaja kisa hiki kwa sababu tumesahau kwamba mashine hii ilizaliwa kwa ajili ya unyevu, na kwamba hata leo kazi yake ya kukausha hewa ina uzito sawa na ile ya kupoza.

Trei za miche katika chumba changu hunywa lita 12 hivi kwa siku. Karibu maji yote hayo yanapanda mizizini, yanapita kwenye majani na kuingia hewani. Kugeuza lita moja ya maji kuwa mvuke kunahitaji nishati ya kilowati-saa 0.68, na nishati hiyo inatoka kwenye joto la taa. Maana yake miche yenyewe inakusaidia kupoza chumba, lakini deni linabaki hewani kama mvuke, na lazima mtu alilipe.

Kiyoyozi kinalilipa kwa kugeuza mvuke kuwa matone juu ya koili baridi na kuyatoa nje kwa mrija. Ila kinahitaji muda. Kikiwaka dakika nne na kuzima, matone yaliyoshika kwenye koili hayajapata hata nafasi ya kudondoka, na feni inayoendelea kuzunguka inayarudisha chumbani. Mashine kubwa mno kwa chumba kidogo hupoza bila kukausha. Ndiyo sababu unaweza kuingia chumba cha digrii 23, kipimajoto kikikufurahisha, na bado ukaona kuta zinalia.

Halafu taa zinazimwa. Kwa ratiba ambayo karibu kila anayeanza huifuata, mimi nikiwemo mwaka wa kwanza, taa zinawaka asubuhi na kuzimwa saa nne usiku. Nje kumekwisha kuwa baridi. Jiko la wati 1,700 linatoweka kwa ghafla, kuta zinaendelea kunyonya joto, na hewa iliyobeba gramu 14 za mvuke kwa kila mita ya ujazo inapoa. Hewa ya digrii 24 inaweza kubeba gramu 21 au 22. Ya digrii 15 haiwezi kufikisha 13. Kilichozidi kinashuka kama umande kwenye mabati, kwenye ukuta na, kibaya zaidi, kwenye majani. Asubuhi unakuta kuvu ya kijivu imeanza kwenye majani ya chini, au miche imeoza shingo pale inapotoka udongoni. Kiyoyozi usiku huo kilikaa kimya, kwa sababu kiliambiwa kilinde digrii 24 na chumba kiko digrii 15. Hakuna aliyekiambia habari za maji.

Kwa nini kinaganda

Sasa turudi kwenye ile barafu.

Kila mwenye bustani anayemwagilia kwa mipira ya matone anajua tangi lazima liwe juu. Ukiliweka juu ya mnara wa matofali, maji yanasukumwa mpaka mche wa mwisho. Ukiliteremsha chini, miche ya karibu inapata, ya mbali inakauka. Mipira haijaziba wala maji hayajapungua. Kilichopungua ni msukumo.

Ndani ya kiyoyozi, tangi la juu ni koili ya nje. Kompresa inaigandamiza gesi na kuipeleka huko ikiwa na moto. Hewa ya nje inaipoza, inageuka kimiminika, na shinikizo lililoko huko ndilo linalokisukuma kimiminika hicho kupita mrija mwembamba kwenda koili ya ndani. Pale ndani kinachemka na kuwa gesi tena, na kwa kuchemka kinanyonya joto la chumba. Ubaridi unaousikia usoni ni kuchemka huko.

Shinikizo la koili ya nje linatokana na joto la hewa inayoipuliza. Kwa gesi ya R410A, siku ya Oktoba yenye digrii 32, shinikizo hilo linafika bari 26 hivi. Alfajiri ya Julai, nje digrii 8, feni ya nje ikipuliza kwa kasi ileile, linashuka hadi 13. Tangi limeteremshwa nusu. Mrija mwembamba, ambao upana wake ulipimwa kiwandani kwa ajili ya joto, sasa unapitisha kidogo. Koili ya ndani inakosa kimiminika cha kutosha, shinikizo lake nalo linashuka, na likishuka chini ya bari 7 hivi joto la bomba linakuwa chini ya sifuri. Mvuke wote ule wa miche unakuta bomba la chini ya sifuri na unakuwa theluji. Theluji inaziba njia ya hewa, hewa ikipungua bomba linazidi kupoa, na barafu inazaa barafu. Baada ya saa moja au mbili koili imefungwa kabisa na chumba kinaanza kupanda joto, huku mashine ikila umeme.

Kuna hatari ya pili iliyo kubwa kuliko chumba kuchemka. Kimiminika kilichokosa joto la kukichemsha kinarudi kwenye kompresa kikiwa bado kimiminika. Kompresa imetengenezwa kugandamiza gesi, na kimiminika hakigandamiziki. Kinaosha mafuta yanayolainisha vyuma na kwa muda kinavunja. Hata mashine ikiwa imezimwa mambo hayatulii: gesi hukimbilia sehemu iliyo baridi kuliko zote, na usiku wa Julai sehemu hiyo ni tumbo la kompresa huko nje, ambako inajichanganya na mafuta. Mashine inapowaka, mchanganyiko huo unatoa povu kama sabuni na mafuta yanaondoka yanapohitajika zaidi.

Watengenezaji wanajua haya yote na wameyaandika. Fungua kijitabu cha kiyoyozi cha kawaida, kile kisicho cha inveta, utakuta mashine imeruhusiwa kupoza nje ikiwa digrii 16 au 18 hadi 43. Zipo za inveta zinazoruhusiwa mpaka digrii 10 chini ya sifuri au zaidi, kwa sababu zinaweza kupunguza kasi ya feni ya nje na ya kompresa na kulinda shinikizo. Soma namba hiyo kabla ya kununua. Kitufe chenye alama ya tone la maji, ambacho wengi hukibonyeza wakidhani kitatibu unyevu, kinapunguza kasi ya feni ya ndani, na kwa mashine ya kawaida usiku wa baridi hilo linaharakisha barafu.

Gesi haijapungua

Hapa naomba unisikilize kwa makini, kwa sababu kosa hili ndilo linaloua mashine nyingi.

Siku ile ya barafu nilimwita fundi wa friji. Alikuja mapema, akangoja barafu iyeyuke, akafunga geji zake, akatazama mshale na kutikisa kichwa.

“Papa, gesi imepungua. Ona mwenyewe.”

“Fundi, mashine hii haina mwaka. Imevujia wapi?”

“Kwenye viungo, labda. Tuongeze kidogo, itakaa sawa.”

Akaongeza, na kweli mshale ukapanda, na kwa siku kadhaa barafu haikurudi. Nilimshukuru. Oktoba ilipofika, nje digrii 33, mashine ikaanza kujizima kila baada ya dakika kumi ikiwa na moto wa kuunguza mkono, na mwezi haukuisha kompresa ikafa.

Fundi yule alisoma geji kwa uaminifu. Shinikizo lilikuwa dogo kweli. Lakini asubuhi ya digrii 10 shinikizo dogo ni jambo la lazima hata kama gesi imo yote, kama vile mpira wa matone unavyodhoofika tangi likiwa chini hata kama limejaa. Kuongeza gesi wakati wa baridi ni kujaza tangi kupita kiasi ili kufidia urefu wa mnara. Joto likirudi, mnara unarudi juu na ile ziada haina pa kwenda. Inajaa kwenye koili ya nje, shinikizo linapita kiwango na kompresa inalipa.

Kiasi halali cha gesi kimeandikwa kwa gramu kwenye kibandiko cha sanduku la nje. Fundi akidai imepungua katika Juni au Julai, mwombe aitoe yote, aipime kwa mizani na kurudisha gramu zilizoandikwa, au angoje mchana wenye joto ndipo apime. Na kama gesi imepungua kweli, kuna tundu, maana gesi ya kiyoyozi haitumiki ikaisha kama mafuta ya jenereta. Tundu lizibwe kwanza.

Nje kuna baridi ya bure

Ukishaelewa kwamba usiku mashine inaumia kwa kulazimishwa kutengeneza ubaridi ambao umejaa upande wa pili wa ukuta, swali linalofuata linakuja lenyewe. Kwa nini tusiuingize ule wa nje?

Hewa ya Julai alfajiri ina sifa mbili ambazo chumba cha miche kinazihitaji kwa pamoja: ni baridi na ni kavu. Kwa digrii 8, hata ikiwa imeshiba, inabeba gramu 8 tu za mvuke kwa mita ya ujazo. Ya chumbani inabeba 14. Kila mita ya ujazo unayoitoa na kuingiza ya nje inaondoka na gramu 6 za maji. Feni ndogo ya ukutani, ile ya kipenyo cha sentimita 10 inayokula wati 20 hivi, hutoa mita za ujazo 100 kwa saa. Hizo ni gramu 600 za maji kila saa, karibu yote ambayo miche inayavuta ikiwa chini ya taa. Kwa upande wa joto, hewa yetu ya juu ni nyepesi kuliko ya pwani kwa asilimia 13 hivi, na kila mita ya ujazo hubeba wati-saa 0.29 kwa digrii moja. Kwa tofauti ya digrii 16, feni ileile inaondoa wati 460. Ukijumlisha kuta, mvuke na feni, chumba nilichokieleza kinatulia karibu digrii 21 usiku kucha bila kiyoyozi kuwashwa hata dakika moja. Kiyoyozi cha BTU 9,000 kinakula wati 800 hivi kikiwa kazini. Feni inakula 20.

Hewa mpya inaleta pia kaboni dioksidi. Hewa ya nje ina sehemu 420 na kidogo kwa kila milioni, lakini katika chumba kilichozibwa miche inaila haraka, na ikishuka sana inaacha kukua ingawa taa zinawaka.

Feni hiyo ina adabu zake. Iwekwe juu, upande mmoja, ivute hewa ya moto itoke, na tundu la kuingizia liwe upande wa pili, pia juu, ili hewa ya digrii 8 ichanganyike kabla ya kugusa jani. Miche iliyopulizwa moja kwa moja inageuka zambarau kama ile ya nje. Tundu la kuingizia livikwe chujio, na ninaposema chujio sizungumzii chandarua cha mbu. Kiangazi chetu ni cha vumbi jekundu la barabara na moshi wa majani yanayochomwa, na vumbi hilo likitanda juu ya taa na majani linakula mwanga. Mimi natumia chujio la hewa la gari, la sanduku kubwa, nalikung'uta kila Jumamosi. Feni iongozwe na themostati yake mwenyewe, iwake chumba kikipita digrii 23 na kuzima kikishuka chini ya 20, na kiyoyozi kiwekwe kwenye 27 ili viwili hivi visipigane.

Geuza saa

Jambo lililonisaidia kuliko yote halikunigharimu hata faranga. Niligeuza usiku wa miche kuwa mchana. Taa sasa zinawaka saa tatu usiku na kuzimwa saa saba mchana. Saa ni zilezile 16, na mche haujui kama jua liko wapi.

Angalia kinachotokea. Saa ambazo taa zinatoa joto nyingi zimeangukia saa ambazo kuta na feni ndogo zinaweza kuliondoa bure. Kuanzia saa tatu au nne asubuhi, nje inapopita digrii 18 na feni kuanza kushindwa, kiyoyozi kinaingia kazini, na sasa nje kuna joto linalolingana na kijitabu chake. Kinafanya kazi saa tatu au nne mfululizo, kwa mzigo mkubwa, bila kuwaka na kuzima, na koili inakausha hewa kama ilivyokusudiwa. Saa saba taa zinazimwa, lakini nje ni digrii 25, kwa hiyo chumba hakianguki ghafla na umande hauna mahali pa kushika. Kufikia jioni miche imeshakauka vizuri, na baridi inaporudi taa zinawaka tena.

Umeme nao unakubaliana na ratiba hii. Jioni, familia zinapopika bukari (ugali) kwenye majiko ya umeme, volti katika mitaa mingi zinashuka, na kompresa inayojaribu kuanza kwa volti 170 inavuta mkondo mkubwa na kuunguza waya zake. Baada ya saa tatu usiku hali inatulia. Na umeme ukikatika ukarudi, usiruhusu kiyoyozi kiwake papo hapo. Shinikizo la pande mbili linahitaji dakika tatu hadi tano kusawazika. Kifaa kidogo cha kuchelewesha umeme, kile kinachowekwa kwenye friji, kinatosha kwa kazi hiyo.

Kuna vyumba ambavyo hewa ya nje hairuhusiwi kuingia ovyo. Anayeotesha uyoga wa pleroti, kwa mfano, hataki mbegu za kuvu nyingine ziingie pamoja na vumbi. Na kwa kuwa bowa, uyoga wa porini tunaookota msituni wakati wa mvua hawaoteshwi chumbani, maana wengine wanaishi kwa kushikana na mizizi ya miti ya miombo na wengine kwa mchwa, pleroti ndio wanaobaki kwa anayetaka kuuza mwaka mzima. Chumba cha namna hiyo kinahitaji ama mashine ya inveta iliyoruhusiwa kufanya kazi kwenye baridi, ama ile ya kawaida ifungwe swichi ya shinikizo inayosimamisha feni ya nje kila shinikizo linaposhuka, pamoja na mkanda wa kupasha tumbo la kompresa joto. Fundi mzuri anavifunga kwa nusu siku. Kuziba koili ya nje kwa kadibodi, kama nilivyoona uani kwa jirani, kunafanya kazi usiku na kunaua mashine saa nne asubuhi kama mtu amesahau kuitoa.

Na kuna jambo ambalo halihusiki na kiyoyozi lakini siwezi kuliacha. Wapo wanaopasha vyumba vya miche joto kwa mbabula, lile jiko la makala (makaa), hasa umeme ukikatika usiku. Makala yakiwaka katika chumba kilichofungwa yanatoa kaboni monoksidi, gesi isiyo na harufu wala rangi, na mtu anayeingia kutazama miche anaweza kukaa chini kupumzika na asiinuke tena. Miche nayo haifaidiki. Moshi huo una gesi ya ethilini, na nyanya huathirika upesi sana na ethilini: majani yanapinda kuelekea chini kama mwavuli uliofungwa nusu. Usiku mmoja bila joto, chumba kikiwa kimefungwa na feni imezimwa, hauui miche. Ifunike trei kwa nailoni nyepesi, weka madumu ya maji ya moto kati yake, ufunge mlango.

Mwishoni mwa Agosti, usiku unapoanza kupoteza baridi yake, feni ndogo inashindwa mapema zaidi na kiyoyozi kinarefusha zamu yake. Kabla ya siku hizo nazima swichi kuu, nafungua sanduku la nje na kuosha koili kwa maji ya mpira, taratibu, kutoka ndani kwenda nje ili mapezi yasipinde. Maji ya kwanza yanatoka mekundu kama chai ya rangi. Naendelea mpaka yatoke meupe, kisha naliacha likauke juani mpaka jioni.